Jiwe la Kungojea Kitabu cha Tano

Kwa miaka saba niliamini, kwa imani ileile ninayoamini kwamba jua la Tanga hutokea upande wa Pemba, kuwa mtu aliyetafsiri vile vitabu vya Kirusi alikuwa amegandishwa kwenye barafu.

Habari hii nilipewa na fundi baiskeli wa Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili, mtu aliyekuwa na majibu ya maswali yote isipokuwa lini baiskeli yako itakuwa tayari. Alikuwa amezamisha mpira kwenye karai la maji, anatafuta tundu.

"Kule chakula hakitoshi kulisha wageni mwaka mzima," alisema bila kuinua macho. "Kwa hiyo wafasiri wanawekwa kwenye barafu. Wima, kama nguru. Majira ya joto yakifika wanamtoa huyu wa Kiswahili, wanamyeyusha, anatafsiri kitabu kimoja, wanamrudisha. Wewe hujajiuliza kwa nini kinakuja kimoja tu kwa mwaka?"

Sikuwa nimejiuliza. Na nilipojiuliza sikupata jibu lingine. Mimi nilikuwa mpakiaji wa mkonge bandarini, barafu nilikuwa naiona kwenye samaki kila siku: nguru anatoka humo macho wazi, mwili mzima, utadhani atakusalimia. Kama samaki anaweza, mfasiri anashindwaje? Tena nilipokwenda nyumbani nikaweka kiganja juu ya jalada la kitabu. Wallahi kilikuwa cha baridi. Kwamba kilikuwa kimeshinda juu ya mtungi wa maji, hilo nililikumbuka baadaye sana.

Lakini nianze pale kitabu kilipoanza, maana nacho kilianza kwa makosa.

Miaka ile ilikuwa ya kukosa. Sabuni hakuna, sukari hakuna, kiberiti kinagawanywa njiti kwa njiti kama dawa ya hospitali. Unga ulikuwa wa njano na ukipatikana unalia kwa furaha. Duka pekee mjini lisilokuwa na foleni lilikuwa la vitabu. Humo mlikuwa na vitabu vya Kirusi vya kila namna, kwa Kiswahili safi, vimejaa mpaka dirishani, na bei yake ndogo kuliko ya andazi. Nikaingia nikanunua kimoja chenye jalada gumu kuliko vyote. Sikukinunua ili nisome. Nilikuwa sijui kusoma zaidi ya jina langu na neno HATARI, ambalo bandarini limeandikwa kila mahali. Nilikinunua nipepee jiko.

Na kilipepea! Jalada lile lingeweza kuwasha mkaa uliotoka kwenye maji. Nilikuwa nimechutama uani, napepea, mwenye nyumba wangu akatoka chumbani.

Huyu alikuwa bibi wa Kipemba, mtu wa Wete, aliyeletwa Tanga akiwa mwari na akakaa mpaka wajukuu wake wakaota mvi. Haya, labda si mvi, lakini walikuwa wakubwa. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, anaona umbo la mtu bila sura yake. Masikio yalikuwa mazima. Alikuwa anasikia mchele ukichambuliwa nyumba ya tatu.

"Unapepea na nini wewe? Mbona inalia kama mbao?"

"Kitabu, bibi."

"Kimeandikwa nini?"

"Sijui, bibi."

"Hujui!" Akagonga fimbo. "Mtu mzima na masharubu yake hajui anapepea maneno gani! Kama ni dua je? Kama ni laana je, na uji wangu uko hapo jikoni?"

Kwa kweli sikuwa nimelifikiria.

"Nenda ukasome," akasema. "Chumba changu hakai mtu asiyejua anachopepea. Ukishajua, uje unisomee, nami nijue nimekula nini."

Ndivyo nilivyoingia shule ya jioni. Baada ya magharibi tunakwenda kwenye shule ya msingi, tunakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika masikioni, karabai moja darasa zima. Mafuta ya taa yakikosekana, mwalimu anatusomesha gizani kwa kutuimbisha. Mimi a, e, i, o, u nilizifunzwa gizani, na ndiyo maana mpaka leo nikisoma jambo gumu nafumba macho. Wenzangu wengi waliacha. Mimi kila nilipotaka kuacha nilikumbuka kwamba nyumbani kuna bibi amekaa barazani anauliza, "Mmefika herufi gani?"

Baada ya mwaka mmoja na nusu nilifungua kile kitabu, kimeungua pembe, kina harufu ya mkaa, nikaanza ukurasa wa kwanza. Siku nzima nilisoma mistari minne. Bibi akasema, "Endelea kesho. Hii minne imekaa vizuri."

Kilikuwa kitabu cha kwanza kati ya vitano. Vilivyofuata vilikuwa vinatoka kimoja kila mwaka. Habari yenyewe ni hii. Kuna mji mkubwa wa baridi. Zamani mji ule ulikuwa na nyumba za mbao, na kila nyumba ilikuwa na mzee wake asiyeonekana, anayekaa nyuma ya jiko, anawalinda wenyeji na kuwaibia sukari kidogo. Wakubwa wakabomoa nyumba za mbao, wakajenga maghorofa, na ghorofani hakuna jiko la kukaa nyuma yake. Wazee wale wakawa hawana pa kwenda. Wakapanda tramu, yaani treni fupi inayopita katikati ya barabara za mji, wakawa wanazunguka nayo bila kushuka. Mwanamke mmoja mfagia ngazi ndiye pekee anayewaona, na kazi yake ya siri ni kumtafutia kila mzee mahali: huyu kwenye lifti, yule nyuma ya mabomba ya maji moto, mwingine ndani ya sanduku la barua.

"Hii si habari ya Kirusi," bibi alisema. "Hii ni habari ya Wete. Wamebadilisha mchanga tu."

Theluji ndiyo iliyotupa shida, maana hakuna kati yetu aliyeiona. Lakini mfasiri alikuwa mtu wa huruma. Aliandika kwamba inaanguka kama unga wa muhogo unaochekechwa. Na tramu ikipita, aliandika, inalia kama wanawake wanaofua makumbi ufukweni, wale wanaopiga maganda ya nazi kwa mti watoe nyuzi. Tukaona yote.

Tulikuwa tunasomea kwenye foleni. Mtu wa leo hajui foleni. Ile ya duka letu la ushirika ilikuwa inaanzia mlangoni na mkia wake uko karibu na Muheza. Hakuna anayeweza kusimama siku mbili, kwa hiyo kila mtu ana jiwe lake. Unaliweka kwenye mstari, unakwenda kazini, unarudi unalikuta limesogea, maana mawe ya mbele yakiondoka majirani wanayasukuma ya nyuma kwa mguu. Jiwe la mtu lilikuwa mtu. Kulitoa jiwe la mwenzio kwenye foleni ni kumwibia, na sijaona aliyethubutu. Langu lilikuwa jiwe jeupe la matumbawe lenye tundu katikati, nimelifunga uzi wa mkonge ili lisichanganywe na la mwingine. La bibi lilikuwa kipande cha kinu.

Siku za Jumapili mimi na bibi tulikuwa tunakaa kabisa kando ya mawe yetu, yeye kwenye kigoda, mimi chini, nasoma kwa sauti. Siku ya kwanza wanawake walipiga kelele.

"We baba! Hadithi mchana? Unataka tuote pembe?"

Maana kwetu ndivyo ilivyo, hadithi haisimuliwi jua likiwa juu. Bibi akatoa hukumu papo hapo.

"Kusimulia ndiko kunakootesha pembe. Huyu hasimulii, anasoma. Maneno yako karatasini, yeye anayapisha tu mdomoni. Pembe zikiota zitamwota aliyeandika."

"Na aliyeandika yuko wapi?"

"Yumo kwenye barafu," nikasema mimi, mwenye habari. "Zikiota, zitaganda."

Wakaridhika, wakasogea karibu. Mwezi wa pili ilikuwa foleni ikifika mlangoni watu wanasema, "Ngojeni kwanza amalize ukurasa." Sukari inangoja! Mwenye duka mwenyewe aliegemea kaunta na kijiko chake cha kupimia. Sisemi uongo, labda nimeongeza kijiko.

Tukamaliza cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha nne kilipoisha, wazee wote walikuwa wamepata mahali isipokuwa mmoja. Huyo nyumba yake ndiyo iliyobomolewa mwanzo kabisa, na mahali saba alipoonyeshwa alipakataa. Mfagia ngazi anapanda tramu, anakaa kando yake, anamwuliza, "Wewe hasa unataka nini?" Mzee anafungua mdomo. Mwisho wa kitabu cha nne.

Bibi alingoja nifungue ukurasa mwingine. Nikamwambia hakuna.

"Amepata nyumba?"

"Itakuwa kwenye cha tano, bibi."

"Lini?"

"Wakimyeyusha."

Mwaka uliofuata nilikwenda dukani kila wiki. Hawakumyeyusha. Mwaka mwingine pia. Nikaandika barua, kwa mkono wangu mwenyewe, kwa anwani iliyokuwa ukurasa wa mwisho pale walipoandika kwamba watashukuru kupata maoni ya msomaji. Nikawapa maoni: tafadhali mtoeni mtu wetu. Barua ilirudi baada ya miezi mingi, ina mihuri mingi kuliko maneno.

Wakati huohuo dunia ilikuwa inageuka. Ikaja ruhusa ya biashara. Vitu vilivyokuwa vinavushwa kwa siri kupitia Moa, mpakani na Kenya, vikaanza kupita barabarani vimekaa juu ya lori, vinapunga mkono. Sabuni za rangi tano, sukari nyeupe kama ile theluji. Foleni zikafa. Watu wakaacha mawe yao palepale mbele ya duka la ushirika, na mimi peke yangu, nadhani, niliyelichukua langu nikalirudisha nyumbani, kwa sababu sikuona vizuri kuliacha baada ya kazi yote ile.

Kila kitu kilipatikana isipokuwa kitabu cha tano. Duka la vitabu likageuka la mitumba. Vitabu vya Kirusi vikauzwa kwa kilo kwa wauza karanga, na mji mzima ukawa unakula karanga kutoka kwenye kurasa zangu. Nikaanza kula karanga kwa kusudi. Kila muuzaji niliyemwona nilinunua, nikafungua, nikanyoosha karatasi, nikatazama: kitabu cha pili. Kingine: cha kwanza. Nilikula karanga za kutosha kupanda wilaya. Sikupata hata mstari mmoja wa cha tano, lakini zile kurasa sikuzitupa. Nilizibana ndani ya vitabu vyangu, zina mafuta, zinang'aa kama dirisha.

Ndipo mtoto wa bibi akaleta salamu kutoka Pemba. Mama amezeeka, macho yamekwisha, arudi kwao akae na ndugu zake. Atakuja kumchukua Idi ikipita. Ilikuwa imebaki kama mwezi na nusu.

"Nimeshakubali," bibi aliniambia barazani. "Kwetu ni kwetu. Lakini wewe unajua mimi sirudi tena Tanga. Na kule hakuna wa kunisomea. Sitaki kuondoka na yule mzee bado yuko ndani ya tramu, mdomo wazi."

Nimebeba mabunda ya mkonge, lakini maneno yale yalikuwa mazito kuliko yote. Huyu ndiye aliyenitoa kwenye neno HATARI. Nikasema moyoni, kitabu cha tano kitasomwa kwenye baraza hili kabla ya chombo kung'oa nanga, hata kama itabidi niende Urusi na shoka nikamtoe mtu kwenye barafu mwenyewe.

"Huna haja ya kwenda huko," bibi akasema, maana nilikuwa nimesema kwa sauti. "Hebu nisomee tena pale tramu inapolia."

Nikasoma: kama wanawake wanaofua makumbi ufukweni.

"Basi huyu si mtu wa mjini. Wa mjini angesema inalia kama bati. Makumbi yanafukiwa mchangani na kufuliwa ng'ambo ya mto Pangani, kuanzia Mwera mpaka Mkwaja. Kwao ni huko. Nenda kawaulize ndugu zake."

"Niwaulize nini, na mwenyewe yumo kwenye barafu?"

"Waulize atayeyuka lini."

Nikaazima baiskeli ya fundi. Jumamosi baada ya swala ya alfajiri nikatoka Tanga, nikafika Pangani mchana nimegeuka mwekundu kwa vumbi, nikavuka kivuko, nikauliza, nikaelekezwa Mwera. Kule nikauliza jamaa za yule kijana aliyekwenda Urusi.

"Jamaa zake wa nini?" akasema mzee mmoja. "Mwenyewe yule pale, anapalilia."

Nilimwona mtu mnene, amevaa fulana iliyotoboka, jasho linamtiririka. Nikampa shikamoo na mkono. Mkono wake nikaushika kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, natafuta baridi. Ulikuwa wa moto kama mkate.

"Marahaba. Niachie basi mkono, bwana. Una shida gani?"

"Kitabu cha tano."

Akaacha jembe. Alinitazama kama niliyemtaja marehemu. Kisha akaniambia, kwa upole lakini bila kunikaribisha ndani, kwamba ofisi iliyokuwa inatoa vitabu ilifungwa, wote wakapewa tiketi za kurudi makwao. Cha tano alikuwa amekitafsiri karibu chote kwa mkono, kwenye madaftari, bado sura ya mwisho. Madaftari anayo. Kitabu chenyewe cha Kirusi anacho.

"Basi malizia, mzee wangu."

"Nimalizie nani asome? Siku ya pili tangu nirudi nilinunua karanga pale Pangani. Nikafungua karatasi, nikakuta ukurasa wangu. Ule wa mzee wa kwenye lifti. Nilikaa wiki tatu nikitafuta neno la kuuanzia ukurasa ule." Akachukua jembe. "Mimi sasa ni mkulima. Nenda salama."

Nilimwambia habari ya bibi, akatikisa kichwa kwa huruma. Nikampa zile kurasa zilizonyooshwa, akazishika, akazirudisha. Mwisho akasema, "Kama ni mwisho tu anaoutaka, ngoja nikusimulie, maneno matano."

"Kwa mdomo? Jua la saa nane? Tuote pembe mimi na wewe? Na bibi yangu hapokei ya mdomo. Ya mdomo kwake ni umbea."

Akacheka kidogo, lakini alirudi shambani. Mimi nikarudi Tanga, siku ile sikupata kitu. Ila sikukata tamaa hata chembe. Nilikuwa nimengoja sukari siku tatu kwenye mvua. Mtu mmoja mwenye jembe atanishinda?

Jumamosi iliyofuata nilikwenda tena. Sikumkuta, alikuwa amekwenda msibani. Nikafanya ambalo mtu yeyote wa foleni angefanya. Nilikuwa nimelibeba jiwe langu kwenye kikapu cha baiskeli. Nikaliweka mbele ya kizingiti chake, katikati kabisa, na uzi wake wa mkonge, nikaondoka na moyo mweupe. Nafasi yangu ilikuwa imeshikwa.

Jambo moja sikulifikiria: miaka yote ya foleni yeye alikuwa Urusi.

Niliporudi wiki ya tatu, nikiwa nimefunga, maana Ramadhani ilikuwa imeshaingia, nilikuta watu wamesimama uani. Jiwe langu liko palepale, limezungushiwa mstari wa chumvi. Kando yake ubani unafuka. Mlango umefungwa, na mfasiri mwenyewe, tangu wiki iliyopita, alikuwa anaingia na kutoka kwake kwa dirisha la nyuma, na mwili ule! Jiwe jeupe, lina tundu, limefungwa uzi, limewekwa kizingitini na mtu asiyejulikana: walikuwa wanabishana aitwe mganga wa Mkwaja au wa Pemba.

Nilikuwa nataka kurudi nyuma polepole, nikaona mwanamke mmoja anapenya na kapu la samaki kichwani. Alikuwa dada yake mfasiri, anakaa Pangani mjini, amekuja kuona kilichompata kaka. Akatazama jiwe. Akatazama chumvi. Akatua kapu chini, akaanza kucheka mpaka akashika ukuta.

"Kaka! Kaka toka huko! Hujarogwa, hili ni jiwe la foleni!"

Kichwa cha mfasiri kikatokea pembeni mwa nyumba. "Foleni ya nini?"

"Nitajuaje mimi ya nini? Kuna mtu anangoja kitu kwako. Ameweka nafasi. Sisi huku tuliishi hivi miaka yote hiyo wewe unakula siagi!"

Watu wazima wakaanza kutazamana. Kila mmoja alikuwa amewahi kuwa na jiwe lake, na kila mmoja alikuwa ameshalisahau. Mimi nikapiga hatua mbele, nikavuka chumvi, nikaweka mguu kando ya jiwe kama desturi.

"Mimi ni wa kwanza," nikasema. "Nangoja kitabu cha tano."

"Wa kwanza!" akasema mfasiri. "Kwani nyuma yako kuna nani?"

"Bibi yangu. Yeye hawezi baiskeli."

Alisimama kitambo anatazama lile jiwe na uzi wake. Kisha akafungua mlango wa mbele, kwa mara ya kwanza wiki nzima, akaniambia, "Haya, ingia. Una mwandiko?"

Nilikuwa nao. Cheti cha shule ya jioni nilikuwa nacho mfukoni, nikamwonyesha, hakukitazama. Wiki tatu za Ramadhani zilizobaki, Jumamosi na Jumapili, tulikaa chumbani mwake. Madaftari yaliyokwisha nilichukua yalivyo. Sura ya mwisho yeye alikuwa anasoma Kirusi kimoyomoyo, midomo inacheza, ananitamkia Kiswahili, mimi naandika. Nilidhani ingekuwa kazi ya asubuhi moja. Siku ya kwanza tuliandika nusu ukurasa. Alikuwa anatamka neno, analikataa, anatoka nje, anarudi nalo lingine. Mara moja alimwita dada yake, aliyekuwa amekuja kutupikia futari, kutoka jikoni kumwuliza mtu akikaa kwa kujibana kwenye kiti asimguse mwenzie anaitwaje. Mimi na njaa yangu, na kiu yangu, na baiskeli inayoningoja, nilitaka kupiga mayowe.

"Mzee wangu, weka lolote. Idi hiyo inakuja."

"Bibi yako anapokea lolote?"

Nikachovya kalamu. Haya, ilikuwa ya Bic, lakini moyo wangu uliichovya.

Tulimaliza siku mbili kabla ya Idi. Nikarudi Tanga nimefunga madaftari kifuani kwa kanga ya dada mtu, na ile njia ya Pangani niliikata kwa muda ambao hata lori halijawahi.

Mosi hadi tatu ya Idi, baada ya wageni kuondoka, nilimsomea bibi barazani, mizigo yake imeshafungwa kamba kando yetu. Nilisoma cha tano chote, madaftari yote, sauti ikakauka. Jioni ya mwisho tukafika kwenye tramu. Mfagia ngazi anauliza, "Wewe hasa unataka nini?" Na mzee anajibu kwamba hataki kushuka. Amezunguka sana, abiria wote anawajua, anajua nani anakohoa na nani amefiwa. Anataka awe mzee wa tramu. Mfagia ngazi anafikiri, anatoa daftari lake la siri, anamwandika hivyo. Tramu inaondoka. Mwisho.

Nilimwona bibi anageuza fimbo.

"Tramu si nyumba," akasema.

"Yeye kaipenda, bibi."

"Kaipenda kwa sababu kachoka kuulizwa. Huyo mwanamke angemngoja kidogo tu. Mimi nisingekubali. Wakinisahau ndani ya meli kesho, niseme nimekuwa mzee wa meli?" Akabishana nami mpaka adhana ya isha. Kisha akanitafuta bega kwa mkono, akalipata. "Lakini sasa najua. Mwisho mbaya unaoujua unalalika. Umesoma vizuri, mwanangu. Ile mistari minne ya kwanza ulikuwa unaikanyaga kama mtu anayevuka matope."

Asubuhi mwanawe alikuja kumchukua, nami nikambebea mizigo mpaka bandarini. Akaniachia kipande chake cha kinu.

Wiki iliyofuata nilikwenda Mwera kurudisha kanga na madaftari. Jiwe langu lilikuwa limewekwa pembeni mwa mlango, linazuia mlango usipigwe na upepo, na mfasiri alikuwa amekaa kizingitini anamenya muhogo. Nikampa habari za bibi, na kwamba hakuukubali mwisho. Alifurahi sana kusikia kuna mtu amegombana nao. Basi nikaona sasa tumekuwa ndugu, naweza kuuliza. Nikamweleza ya fundi baiskeli, barafu, kusimamishwa wima kama nguru, na jinsi wanavyomyeyusha majira ya joto, nikamwuliza kama ilikuwa inauma.

Aliacha kumenya, akanitazama kuona kama natania. Sikuwa natania.

"Mtu akigandishwa anakufa," alisema. "Mimi nilikuwa nakaa kwenye chumba chenye joto, nimevaa fulana kama hii. Kilikuwa kinatoka kimoja kwa mwaka kwa sababu nilikuwa natafsiri peke yangu, na kitabu kimoja kinachukua mwaka."